Nilisema Raboti Yangu Imetoka Ujerumani

Mpendwa Maman Godelive,

Mimi na mke wangu tunakusoma gazetini kila Ijumaa, na siku zote nilikuwa nikijiuliza wanaokuandikia wanapata wapi uso wa kumwaga mambo yao mbele ya mji mzima, kumbe mtu akibanwa anaandika tu, kwa hiyo leo zamu ni yangu, naomba msaada wako, na ukitaka kunigombeza unigombeze lakini usiniache hivi.

Mimi ni seremala hapa Kasha, Bukavu, nina mke mwema anayeitwa Pascaline, nina watoto wanne, wote wazima, atelie yangu ina bati jipya na wateja hawakosekani, nikikuambia kwamba nina raha usifikiri ninajisifu, ni kweli nina raha, na karibu raha yote hiyo inatoka kwenye kitu kimoja ambacho ninakifunga ndani ya kitambaa kila jioni kama mtoto mchanga, nacho ni raboti, yaani randa ya kulainishia mbao, ya mti mtupu isipokuwa kisu chake cha chuma, iliyotengenezwa kwa ajili ya mkono wangu mimi na si wa mtu mwingine yeyote duniani.

Ninasema mkono wangu kwa sababu una hadithi yake. Miaka mitano iliyopita msumeno wa umeme ulinikata vidole viwili vya mkono wa kulia, kile kinachofuata gumba pamoja na cha kati, na kosa lilikuwa langu, courant, yaani umeme, ilikatika nikiwa ninapasua mbao, badala ya kuzima mashine nikaiacha kama ilivyo nikaanza kuondoa vipande kwa mkono huku ninapiga hadithi na watu, courant ikarudi bila kupiga hodi, kama kawaida yake. Baada ya hapo raboti za chuma za dukani zikanikataa, kila nikisukuma inapinda upande, kiganja kinavimba, mbao inatoka na mawimbi, hata meza ya jikoni nilikuwa ninaona haya kuikabidhi, nikaanza kusema nyumbani kwamba bora niuze makala, yaani makaa ya kupikia.

Aliyeniokoa ni Fabien, rafiki yangu wa Walungu. Tulijifunza useremala pamoja tukiwa vijana, mimi nikashuka mjini, yeye akabaki kule na shamba lake na kazi ya kutengeneza vyombo vya maseremala. Siku alipokuja kunipa pole alifungua mfuko akatoa donge la udongo, ule ambao mke wake Constance anafinyangia mbabula, yaani majiko ya kupikia, akaniambia, «Kamata iyi, mon frère. Kamata kama vile unakamataka raboti. Usiogope, minya.» Nikaminya. Akaufunga udongo ule katika majani ya mgomba, na alama ya mkono wangu mbovu ndani yake, akaondoka nao, na baada ya miezi miwili akaniletea raboti ya libuyu, ule mti mgumu mwekundu, iliyokauka miaka mingi, kisu chake amekifua kutoka resori, yaani springi, ya lori la zamani, na mahali pa kushika amepachonga kufuata ule udongo, pamejaa pale vidole vilipokosekana, pamebonyea pale gumba linapolala, nikaweka mkono nikasikia kama umerudi nyumbani. Mbele, kwa msumari wa moto, alikuwa ameandika F ndani ya duara dogo. Nilitaka kumlipa akakataa kabisa, akasema, «Utanisemea tu kwa batu. Batu bajue kama niko.»

Maman, sijui kama umewahi kuona maranda ya libuyu yakitoka marefu na membamba mpaka unaona mwanga kupitia humo, na ule mlio wake, kama kitambaa kinachopasuliwa polepole. Nilirudia kazi. Nilianza kupokea makabati, vitanda vya maharusi, milango ya watu wakubwa, na mawimbi hakuna tena, unapitisha kiganja juu ya mbao unafikiri ni maji.

Sasa kosa langu. Mteja mmoja, Maman Georgette wa mtaa wa Muhumba, mama mwenye nyumba nzuri na maneno mengi, alikuja kuangalia kabati lake, akapapasa mlango akashangaa, akaniuliza, «Papa, iyi mulifanya na machine gani?» Nikamwambia, «Haiko machine, maman, iko raboti.» Akauliza, «Raboti ya wapi inaweza fanya vile?» Na mimi, sijui ni shetani gani, pengine ni pete zilizojaa vidole vyake, pengine niliogopa nikisema Walungu ataanza kupunguza heshima na bei pamoja, nikajibu, «Iko ya Ujerumani.» Akafurahi sana. Akaniambia atarudi Jumapili na kaka yake waipige picha. Basi Jumamosi nilikaa na msasa, Maman Godelive, nikaisugua ile F mpaka ikaisha, na duara lake, nikapaka mafuta mahali hapo, na nilipokuwa ninasugua machozi yalinitoka lakini sikuacha.

Picha ilizunguka katika simu za watu. Wateja wakaongezeka, wanaiita «la raboti allemande», raboti ya Kijerumani, na mimi ninaitika. Adalbert, seremala jirani yangu, pamoja na wenzake wawili wa atelie yake, wameniomba mara nyingi niwape adresi ili na wao waagize, nikaona nitafungwa na uongo wangu mwenyewe, nikawaambia kiwanda kilikwisha kufungwa. Pascaline anajua yote. Aliniambia mara moja tu, «Wee, hata mutoto wa maternelle anajua kama Ujerumani habajue kidole yako,» akaenda kutwanga sombe, yale majani ya muhogo.

Ningeweza kuendelea hivyo, ninasema ukweli, mtu anazoea. Lakini wiki mbili zilizopita Fabien alinitumia sauti katika simu, nimeisikiliza mpaka nimeishika kwa moyo: «Mon frère, minaona batu ba siku hizi habatake tena vyombo vya miti. Mwaka muzima nimeuzisha moja. Mashemeji yangu bako Mwenga ku mashimo ya or, ile zahabu, mwisho wa mwezi nami ntaenda kule, nikamate chepe. Lakini kama uko na batu hapo muji, hata babili tu, uniambie, nitabaki.» Na mimi nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba watu wa mjini wanapenda vya Ulaya. Akanishukuru.

Tangu siku hiyo nikishika raboti ninaanza kwa kupapasa pale ilipokuwa F. Nikisema ukweli, Maman Georgette na wenzake watasema hata libuyu yangu ni eucalyptus iliyopakwa rangi, na nitarudi kwenye meza za jikoni. Nikinyamaza, Fabien atashuka shimoni, naye ana kifua kibaya tangu utoto. Nimefikiria njia ya katikati, unipime kama ni nzuri: nimwagizie Fabien raboti tatu kimyakimya, zisiwe na F, nizipeleke kwa Adalbert na wenzake kama mabaki ya kile kiwanda cha Ujerumani, hivyo Fabien anapata kazi, Adalbert anapata raboti, mimi ninabaki na wateja wangu, na hakuna anayelia. Pascaline nimemweleza, hakunijibu, ndipo nikaona nikuandikie. Nifanye nini? Na tafadhali, jina langu usilitaje.

Ni mimi seremala wa Kasha.

*

Papa Seremala,

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa pale ulipofunga kiwanda cha watu ambacho hakijawahi kufunguliwa. Mara ya pili nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo ninapokuandikia, kwa hiyo kaa vizuri.

Kwanza pole kwa vidole. Pole kweli. Mtu anayepoteza mkono wake wa kazi anapoteza usingizi na sauti ndani ya nyumba, ninajua, na sishangai kwamba ulipoupata tena uliushikilia kwa nguvu. Kupenda chombo chako cha kazi si dhambi. Kukifunga katika kitambaa si dhambi. Endelea kukifunga. Umenifurahisha hata mimi, na mimi sijui kupigilia msumari.

Lakini niambie: ni Mjerumani gani huyo aliyekuja Kasha kukuminyisha udongo? Mahali pa kushika pamefuata jeraha lako, kila mwenye macho anaona, na bado mji mzima umekuamini. Unajua kwa nini? Kwa sababu tumezoea. Mimi mwenyewe marehemu mume wangu aliniletea kitanda akaniambia ni cha Ubelgiji, nikawatambia majirani miaka kumi na moja, siku tunahama nikakuta chini ya ubao jina la seremala wa Bagira, hapahapa mjini, na namba yake ya simu. Watoto wangu watano walizaliwa juu ya kazi ya Bagira na mimi ninasifu Ubelgiji. Niliona haya, Papa, na sikumpigia simu yule seremala kumwambia asante, na mpaka leo ninajuta.

Sasa sikiliza. Fabien alikuomba bei moja tu, umtaje kwa watu. Hakutaka kingine. Nawe hukumtaja, ukafuta herufi yake kwa msasa, kisha alipouliza kama kuna watu, huku watu watatu wakigonga mlango wako, ukamwambia hakuna. Ule uongo wa kwanza kwa Maman Georgette ninaweza kuuita ulimi hauna mfupa, ulikutoka, tumekuwa sote hapo. Lakini huu wa mwisho ulikuwa na nafasi ya kuufikiria, na ulimwambia mtu mwenye kifua kibaya. Asante ya punda ni mateke, Papa, na umempiga akakushukuru.

Halafu nikafika kwenye «njia ya katikati». Hapo niliweka kikombe cha chai chini. Unataka mtu afanye kazi bila jina, ili wewe ubaki na heshima ya Ujerumani! Umempa nini hapo? Leo ataagizwa tatu, kesho wewe utaumwa au utahama, na hakuna hata mtu mmoja mjini atakayejua njia ya kwenda kwake. Kazi bila jina inakwisha pale anayeificha anapochoka. Tena hata ujanja wenyewe haufanyi kazi. Ukiipenda raboti yako ni kwa sababu ilipimwa mkononi. Adalbert atapimwaje na kiwanda kilichofungwa? Na kabari ikilegea mwaka ujao, aipeleke Berlin? Pascaline hakukujibu kwa sababu jibu unalijua. Mwanamke aliyekwenda kutwanga sombe alikuwa amekwisha kutoa hukumu.

Unaogopa wateja. Haya, tuongee juu ya Maman Georgette bila kuzunguka. Kabati lake liko nyumbani kwake, milango inafunga, kiganja kinateleza. Halitaanza kulia usiku kwa sababu raboti ni ya Walungu. Atakachokasirikia ni kwamba ametamba kwa watu na sasa ataonekana mjinga, na hapo ana haki, maana wewe ndiye uliyemfanya hivyo. Basi nenda kwake Muhumba, si kwa simu. Uanze na neno «nilidanganya». Usianze na «unajua maman, mambo yalikuwa hivi», maana nyinyi wanaume mkianza hivyo kosa linafika likiwa limevaa suti. Pengine atakufukuza. Pengine atapeleka kazi kwa mwingine mwaka mzima. Pokea. Wengine watabaki, kwa kuwa waliagiza mlango na mlango wameupata.

Ila Georgette si wa kwanza. Wa kwanza ni Adalbert, ni jirani, humalizi dakika mbili kufika kwake. Mwambie yeye na wenzake wawili, raboti ilitengenezwa na Fabien, anaishi mahali fulani, simu yake hii hapa. Wape namba iandikwe kwa mkono wao, katika simu zao, ili usiwe tena mlinzi wa mlango kati ya fundi na wateja wake. Wakikucheka, ucheke nao. Wakikutukana kidogo, umeyataka mwenyewe.

Kisha Walungu. Beba raboti. Usibebe kreti ya bia, ninawajua, mnapenda kulainisha neno kabla halijatoka. Bia inanywewa baada ya maneno, na kama yule mtu anataka kunywa. Mweke Fabien chini, mwambie yote, hata msasa, hata mafuta uliyopaka, hata kile ulichomjibu. Hasa kile ulichomjibu. Mwambie kuna watu watatu wanaomngoja, majina yao haya, na mwombe aweke msumari motoni aandike upya macho yako yakiona, herufi moja au jina zima, kama atakavyo yeye. Chombo ni chako, lakini pale mbele ni pake.

Akikasirika usijitetee kwa vidole vyako. Akikwambia hataki kukuona, rudi nyumbani, na Jumatatu uendelee kuwaambia watu mahali alipo, kila anayepapasa mlango wako akauliza. Usifanye hivyo ili akusamehe. Ni bei uliyokubali siku ile ulipoweka mkono juu ya raboti ukasikia raha, na hujalipa hata kidogo.

Bado neno moja, na hili ni la haraka. Jina lako sikulitaja, na majina ya wote uliowaandika nimeyabadilisha, hata la mke wako, umsalimie sana. Lakini Papa, kubadilisha majina kunasaidia nini? Umeandika juu ya raboti moja ambayo kila simu ya Bukavu ina picha yake. Na gazeti hili linatoka leo Ijumaa hapa mjini, kesho asubuhi linapakiwa katika minibus ya kwanza, kabla ya saa sita mchana linauzwa sokoni Walungu, ninajua kwa sababu muuzaji wetu wa kule hunipigia kila Jumamosi kuniambia zimebaki ngapi. Ukurasa huu ndio wanaouanza. Nilifikiri nikungoje wiki moja, kisha nikaona mwisho wa mwezi hauko mbali, na mtu anayejipangia shimo hangojwi.

Kwa hiyo funga atelie sasa hivi. Pita kwa Adalbert, panda pikipiki, lala Walungu kama itabidi, lakini kesho asubuhi uwe umekwisha kusema. Kosa lako Fabien akilisikia kinywani mwako, atakuwa ameombwa msamaha. Akilisoma kwangu, utakuwa umemnyima hata hilo.

Maman Godelive